Kengele za Mbwa wa Marehemu Telesfori

Katika vilima vya Murusagamba mwanamke hufuga kuku, na akijaliwa hufuga mbuzi, lakini mbwa ni wa mwanamume. Mwanamume ndiye humpa mbwa jina, ndiye humfunga kengele shingoni, na akifa, mbwa wake huenda kwa ndugu yake wa kiume pamoja na mkuki. Nkeshimana aliyajua hayo yote. Hata hivyo, mumewe Telesfori alipokwisha kuzikwa nyuma ya migomba, alikataa kuwatoa wale mbwa wawili.

"Shemeji, watakula nini?" aliuliza Leonidas, mdogo wa marehemu, siku ya kuondoa matanga.

"Watakula nitakachokula."

"Na wewe utakula nini?"

Nkeshimana alinyoosha kidevu upande wa bondeni, kule ambako, nyuma ya msitu mdogo wa mikaratusi, lilikuwapo shamba lake la mihogo. Leonidas alitazama huko, akatikisa kichwa, akarudi kwake Bukiriro mikono mitupu.

Shamba hilo ndilo lililokuwa tumaini lake lote. Maharage ya mlimani yalikuwa yameungua kwa jua. Migomba ilikuwa inanyauka kwa ule ugonjwa unaoozesha ndizi kabla hazijakomaa. Ndizeye, mwanawe wa pekee, alikuwa amekwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu, na simu yake ilikuwa imeacha kupatikana. Mihogo ilibakiza msimu mmoja tu ikomae. Lakini kwenye vichaka vinavyoelekea mpakani walikuwapo nguruwe pori, na nguruwe pori hawasubiri mihogo ikomae. Huja jua likishazama, huja tena kabla ya kupambazuka, na kundi lao likiachwa shambani usiku mmoja tu, hulifukua kama lililopitiwa na trekta.

Telesfori alikuwa akilala huko huko shambani, ndani ya kibanda cha nyasi, mbwa wake mlangoni. Mwanamke peke yake halali porini. Hilo hakuna aliyehitaji kumwambia. Kwa hiyo Nkeshimana alitafuta njia ya katikati. Jua lilipozama aliteremka na mbwa, akazunguka shamba lote, akawaacha wabweke, wanuse na kukojoa kwenye kila pembe mpaka harufu yao ienee, kisha akapanda kurudi nyumbani gizani. Jogoo wa kwanza alipowika, aliteremka tena. Nguruwe wakawa wanaishia vichakani, wanapiga pua, wanageukia mashamba ya wengine.

"Kwa hiyo sasa umeolewa na mbwa," alimtania Scholastika, jirani yake, walipokuwa wakichota maji kisimani.

"Angalau hawa hawanywi pombe."

"Halafu wakiitwa wanakuja! Wa kwangu nimemwita tangu Jumapili."

Wakacheka mpaka Scholastika akamwaga maji. Walikuwa marafiki tangu Nkeshimana alipoletwa kilimani kama bibi harusi, mgeni asiyekuwa na shangazi wala mama wa kumsindikiza, na Scholastika ndiye aliyemwonyesha wapi panapatikana kuni kavu na nani asisalimiwe asubuhi.

Majina ya mbwa wale yalikuwa ya kuwasuta majirani, kama walivyozoea wawindaji wa zamani. Dume, mwekundu kama udongo wa barabarani, aliitwa Mtasema. Jike, mweusi, sikio moja limechanika, aliitwa Hayawahusu. Enzi za Telesfori ilikuwa burudani kumsikia akiwaita jioni, "Mtasema! Mtasema! Hayawahusu!" na kutoka kilabu cha pombe ya ndizi walevi wakimjibu, "Tumeshasema, mzee, rudi nyumbani!" Nkeshimana aliona haya kuyatamka majina hayo kwa sauti. Aliwaita kwa kupiga ulimi, nao wakamzoea hivyo.

Kengele zao Telesfori alizichonga mwenyewe kwa mti mgumu, kila moja ikiwa na ulimi wa mfupa. Mwindaji wa huku anapotoka nyumbani huzijaza kengele nyasi ili zisiwashtue wanyama. Akifika porini huzitoa nyasi, na hapo mlio ndio unaomwambia mbwa yuko wapi hata kama majani yamemfunika. Wakati wa kurudi, kengele huachwa zilie. Mtu mwema hurudi nyumbani akisikika. Telesfori alipopanda kutoka bondeni kilima kizima kilijua, na mama aliyekuwa akibembeleza mtoto alisema, "Lala, ni Telesfori huyo."

Maana gizani, kwenye kilima hicho, watu hawaonani, husikiana. Anayehisi mtu mbele yake hutanguliza kikohozi, kisha huita "Mwiriwe!", salamu ya jioni, na mwenzake huitikia na kujitaja: mwana wa fulani, mke wa fulani. Kisha wanapishana bila hata kuonana nyuso. Asiyeitikia ni mwizi, au ni yule mwingine ambaye watu hawapendi kumtaja jua likishazama.

Mambo ya giza Nkeshimana alifundishwa na mumewe miaka ile walipokuwa bado wakienda shambani pamoja. Tochi ni ya kuangalizia nyoka, si ya kutembelea. Anayewasha tochi njia nzima anaona miguu yake tu, na yeye anaonekana na dunia nzima. Mbwa mmoja atangulie, mwingine afuate nyuma, na wasifungwe kamba, kwa sababu mbwa aliyefungwa kamba anakuwa mzigo siku unapohitaji meno yake. Mbwa akisimama, nawe simama. Akinguruma, usibishane naye. Telesfori aliyasema haya kwa furaha, kama mtu anayeeleza namna ya kuonja asali. Yeye giza alizaliwa nalo, akalicheza utotoni.

Nkeshimana giza alilijua kwa namna nyingine. Alivuka mpaka akiwa msichana, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake, wakitoka Burundi pamoja na maelfu waliokuwa wakikimbia mapanga, na wakawekwa kwenye kambi ya Lukole, ndani ya hema la plastiki lililokuwa likilia usiku kucha kwa upepo. Kambini kuni zilikuwa mbali. Siku moja jioni, akirudi na mzigo wake kichwani, alisikia mtu akimwita kwa jina kutoka vichakani. Sauti aliifahamu, ilikuwa ya jirani wa hema la tatu. Akaitikia. Ya baadaye hakuwahi kumsimulia mtu, hata Telesfori, ila tangu siku hiyo mwili wake ulijifunza jambo moja ambalo akili haikuweza kulifuta: ukiitwa gizani, usijibu.

Mama yake alifia kambini akazikwa huko huko. Malori yalipokuja kuwarudisha watu kwao, Nkeshimana alikuwa tayari ameolewa na yule Mhangaza mpole, mwenyeji wa vilima hivi, aliyekuwa akija kambini na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli. Hakupanda lori. Akajua kwamba kwao sasa ni pale palipo na kaburi la mama yake na kitanda cha mumewe.

Basi msimu ule wa kwanza wa ujane alitembea na kengele zikilia, akakohoa, akasalimia, akajitaja. "Mwiriwe! Mke wa Telesfori huyu." Watu wakaitikia, wengine wakicheka, "Pita, mwindaji!" Vijana wa kilabuni walimpigia miluzi. Alivumilia. Mihogo ilikuwa inanenepa ardhini.

Kisha Tecla akavamiwa.

Tecla alikuwa mke wa fundi baiskeli, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti iliyokuwa ikitangulia nyingine zote kanisani. Alitoka mnadani jioni, giza likamkuta kwenye mikaratusi, akaanza kuimba ili kujipa moyo. Waliomvamia walimsikia tangu mbali, wakapata muda wa kuchagua mahali. Asubuhi aliokotwa akiwa hai, lakini hakuimba tena, na Jumapili kwaya ilianza wimbo kwa kusitasita kama watu waliopotelewa na mlango. Waliofanya hivyo hawakujulikana. Wengine walisema ni vijana wa hapa hapa. Wengine walisema ni watu wa ng'ambo, na waliposema hivyo walimtupia Nkeshimana jicho, kisha wakalirudisha haraka.

Mwenyekiti wa kitongoji, Gozbert, mtu mnene mwenye moyo mzuri na maneno mengi, aliitisha mkutano. "Akina mama, nawaomba. Giza likiingia, muwe ndani."

"Na nguruwe, mwenyekiti, umeshawapa taarifa?" akauliza mtu kutoka nyuma. Watu wakacheka. Nkeshimana naye alicheka, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani aliwaza juu ya kitu kimoja tu. Tecla alisikika. Hakuonekana, alisikika.

Jioni ile ile alizijaza kengele majani makavu ya mgomba. Akazima tochi kabisa. Kikohozi akakimeza. Akawa anateremka na kupanda kama kivuli, mbwa mmoja mbele, mwingine nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu kifo cha mumewe moyo wake ulitulia njiani. Kilabuni vijana walikuwa wakiongea na kucheka hatua chache tu kutoka kwake, wasijue kwamba amepita. Akahisi kama mtu aliyefichwa kiganjani mwa Mungu.

Lakini mvua zilipoanza majani yalilowa, yakalegea, yakadondoka njiani, na kengele ikapiga ghafla katikati ya msitu, kavu, kwa nguvu. Alitafuta kitu cha kudumu. Jikoni, kwenye msumari, lilining'inia shati la Telesfori, la mistari ya kijani, lililochakaa mpaka kuwa laini kama ngozi ya mtoto. Alilitumia kushikia vyungu vya moto. Akachana vipande viwili, akavivingirisha kwenye ulimi wa kila kengele, akafunga kwa uzi. Kengele zikanyamaza kabisa. Alizitikisa karibu na sikio lake, akatabasamu.

Kwenye kilima hicho nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake siku ya kuondoa matanga, na zisizogawika huchomwa. Mjane habakizi kipande. Anayebakiza nguo ya maiti, watu hujiuliza anaitakia nini. Nkeshimana alikuwa amezitoa nguo zote njema. Shati lile alilihesabu kuwa tambara. Alikua kambini, na kambini hakuna aliyewahi kuchoma nguo.

Ilikuwa jioni ya mawingu, giza limeingia mapema. Alikuwa akipanda kutoka bondeni Mtasema aliposimama. Naye akasimama. Mbele, kwenye kona ya migomba, mtu alikohoa.

"Mwiriwe," mtu akasema.

Ilikuwa sauti ya Yohanes, baba wa yule mtoto mdogo aliyependa kumkimbilia Mtasema na kumvuta mkia. Bila shaka alikuwa ametoka kumtafuta mbuzi wake. Nkeshimana alikaribia kuwa na hakika kwamba ni Yohanes. Akafungua mdomo.

"Nani hapo?" yule mtu akauliza tena.

Na hapo mdomo ukakataa. Mwili wote ukawa mzigo wa kuni. Aliijua sauti, ndiyo. Hata ile ya kambini aliijua. Alisimama bila kupumua, mkono juu ya shingo ya Hayawahusu, na Mtasema, aliyemtambua rafiki, akamsogelea Yohanes taratibu, akamzunguka miguuni, kengele ikicheza shingoni bila sauti.

"Nimesema nani? Jitaje, ndugu yangu." Alisikika akiinama, akimpapasa mbwa shingoni. "Mbwa gani huyu? Mbona… Yesu wangu."

Akasikia hatua zikirudi kinyumenyume, kisha zikikimbia, kisha mlango ukibamizwa. Nkeshimana alibaki pale mpaka jasho likampoa mgongoni. Kesho, alijiambia, nitakwenda kwa Yohanes nimwambie ni mimi, tucheke. Lakini kesho yake kulikuwa na palizi, na keshokutwa alijiona mjinga. Ataanzaje? Aseme, nilikuwa mimi, nilikusikia, nikakunyamazia?

Kabla ya wiki kwisha mtoto wa Yohanes alishikwa na homa, akapigwa degedege njiani kuelekea zahanati, akafa mgongoni mwa mama yake.

Nkeshimana alikwenda msibani, akaketi mkekani na wanawake wengine. Walisogea kumpisha nafasi, nafasi kubwa kuliko aliyohitaji, na hakuna aliyesogea tena kuijaza. Alikuwa na umri wa kutosha kujua maana yake. Jioni Scholastika alimwita nyuma ya jiko.

"Dada, niambie mimi tu. Unapita wapi usiku?"

"Shambani. Si unajua?"

"Yohanes anasema aliona mbwa wenye kengele zisizolia. Na mwanamke nyuma yao, anasalimiwa hajibu."

"Niliogopa, Scholastika. Baada ya Tecla niliogopa kusikika."

Scholastika akamshika mkono. "Waambie hivyo hivyo. Waambie mapema."

Lakini wao ndio waliotangulia kuja. Asubuhi, jua likiwa zuri, Gozbert aliingia uani na wazee kadhaa, Yohanes akiwa nyuma yao, ndevu hazijanyolewa, macho yamevimba. Nkeshimana alitoa vigoda. Hakuna aliyeketi isipokuwa mwenyekiti.

"Mama Ndizeye," Gozbert alianza, akijifuta jasho, "kwanza nitangulize kusema kwamba hapa hakuna aliyekutaja. Sheria hairuhusu, na mimi siruhusu. Tumekuja kuuliza tu, kama majirani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hicho cha kwako ni kimya gani?"

Nkeshimana alifarijika. Aliona kwamba sasa ndiyo nafasi yake ya kueleza kila kitu, tena mchana, mbele ya watu wote. Akawasimulia habari za nguruwe, za Tecla, za majani yaliyolowa. Alimwomba Yohanes msamaha kwa kutomwitikia, akasema machozi yakimtoka kwamba mtoto yule alikuwa kama mjukuu wake. Wazee wakaanza kutazamana. Mmoja akaguna kwa huruma. Akaona haitoshi. Akapiga ulimi, Mtasema akaja akitikisa mkia, akamvua kengele.

"Tazameni wenyewe. Hamna kitu. Ni kitambaa tu."

Akafungua uzi, akavuta kipande kile, akakikunjua juani. Mistari ya kijani ikaonekana.

Yohanes akasema, polepole, kama mtu anayesoma, "Hilo ni shati la Telesfori. Ndilo alilovaa kwenye harusi yangu."

Mzee aliyeguna kwa huruma alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ua. Gozbert akasimama. Kigoda kikaanguka, hakukiinua.

"Lilikuwa tambara," Nkeshimana alisema. "La kushikia vyungu. Mwenyekiti, lilikuwa la jikoni!"

"Nguo ya maiti unashikia chungu cha kula," mtu mwingine alisema kwa sauti ya chini, na kwa hayo kila alichojitetea nacho kikazidi kumfunga.

Waliondoka bila kuaga. Nkeshimana alikichoma kitambaa pale pale uani, na kile kingine, na mabaki ya shati, huku akijua kwamba moshi ule unaonekana kilima kizima, na kwamba hata moshi ungetafutiwa maana. La kuvunda halina ubani.

Tangu siku hiyo alitembea na kengele zikilia. Hakuwa na njia nyingine. Alikohoa, alisalimia, alijitaja mpaka sauti ikamkauka: "Mwiriwe! Mama Ndizeye huyu! Mke wa Telesfori!" Kila alipopita, makomeo yaligonga mbele yake, nyumba baada ya nyumba, kabla hata hajafika, na taa zikazimwa. Kilima kilichokuwa kikimsikia mumewe na kusema "lala" sasa kilimsikia yeye na kuwaziba watoto midomo. Kwenye msitu wa mikaratusi jiwe la kwanza lilipita juu ya kichwa chake. La pili lilimpata Hayawahusu mbavuni. Nkeshimana hakukimbia, Telesfori alimfundisha kwamba anayekimbia gizani anajikabidhi. Alisimama nyuma ya mti mpaka mbwa walipoacha kunguruma, kisha akaenda shambani, akalizunguka pamoja na jike wake aliyekuwa akichechemea. Nguruwe walikuwa wamesogea karibu. Aliwasikia wakitafuna mizizi kwenye ukingo wa vichaka, bila haraka.

Mara moja tena alijaribu kimya. Alizivua kengele kabisa, akaziacha nyumbani. Kesho yake asubuhi alikuta mlangoni pake majivu yamemwagwa mstari mmoja, kutoka kizingiti mpaka kwenye kaburi la mumewe. Kisimani Scholastika alimngoja mpaka wengine wakaondoka.

"Dada, usipite kwangu kwa sasa. Mume wangu… unamjua. Si mimi."

"Najua si wewe."

"Wakituona pamoja watasema tupo wawili."

Nkeshimana alimtwisha ndoo yake, kama siku zote, akamwangalia akipanda mlima.

Leonidas alikuja mwenyewe kutoka Bukiriro, bila kuitwa. Alikuwa amepungua. Aliketi jikoni, akakataa chakula, kisha akaona aibu ya kukataa, akala.

"Shemeji, habari zako nimezisikia kule kwetu."

"Wanasema nini?"

"Wakisema si tatizo. Mtu anayesema unamjibu. Mimi nimepita kilabuni sasa hivi, nikakutaja kwa makusudi. Wote wakanyamaza." Alisukuma sahani. "Yule bibi wa ng'ambo ya kilima, aliyechomewa nyumba, mwanzoni naye walimsema sana. Halafu wakanyamaza."

"Nikae ndani, nile nini? Niambie wewe."

"Sijui. Mungu anajua sijui. Lakini mbwa nawachukua. Pasipo mbwa hutatoka usiku, na usipotoka hawatakuwa na la kuona."

"Na mihogo?"

Leonidas hakuwa mtu mbaya. Hakulitaka shamba wala mbwa. Alikuwa na hofu tu, na hofu yake ilikuwa na akili kuliko tumaini la shemeji yake, na wote wawili walilijua hilo. Nkeshimana aliinuka akaleta kamba. Aliwafunga mwenyewe. Hayawahusu alifuata akichechemea. Mtasema alilala chini njiani, akakaza miguu, na Leonidas akalazimika kumkokota mpaka kwenye kona, vumbi jekundu likipanda. Vijana waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Mmoja wao akasema, "Shikamoo, bibi," kwa adabu kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi mtu kumsalimu.

"Marahaba," akajibu.

Jioni hiyo aliingia ndani jua likiwa bado juu ya migomba, ili aonekane. Kesho yake vilevile. Kilima kikalegea, ungeweza kukisikia kikilegea, kama mzigo uliotuliwa. Mke wa Yohanes alimwitikia salamu. Gozbert alipita na kusimama nje ya ua, akasema anashukuru sana kwa ushirikiano wake, na kwamba shambani aende tu, mchana, hakuna atakayemzuia. Na Scholastika akarudi, siku hiyo hiyo, kabeba jembe, kana kwamba alikuwa amesafiri tu.

"Twende tukaone," alisema.

Waliteremka pamoja katikati ya mchana. Tangu kwenye mikaratusi harufu iliwafikia, harufu ya udongo mbichi na ya mihogo iliyoanza kuchacha. Shamba lilikuwa limepinduliwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mashina yalilala huku na huku, mengine yakiwa bado na majani yasiyojua kwamba yamekufa, na kati yake mashimo yenye nyayo, na vipande vya mihogo vilivyotafunwa nusu, vyeupe, vikikauka juani.

Scholastika aliweka jembe chini. "Angalau uko salama, dada," alisema.

Nkeshimana aliitikia kwa kichwa. Akapiga magoti, akaanza kuokota. Vipande visivyotafunwa sana alivifuta udongo kwa kanga, akaviweka upande, vilivyooza aliviacha. Scholastika naye akapiga magoti. Waliokota pamoja, wakapata kikapu kisichojaa hata kufika ukingoni, vingi vyake vikiwa bado vidogo, vyenye nyuzi, mihogo iliyokuwa ikingoja msimu wake. Kilichokuwa mbele ya kikapu hicho, mpaka mvua nyingine, mpaka mbegu nyingine ambayo nguruwe wangeijia vilevile, wala hawakukitaja.

"Twende," Scholastika alisema baadaye, akitazama magharibi. "Jua linashuka."

Lilikuwa bado juu sana. Nkeshimana alijitwisha kikapu, wakapanda. Nyumba zilikuwa wazi, watu walikuwa nje, wote wakawasalimia. Alipofika kwake aliingia, akaweka kikapu kando ya mafiga, akafunga komeo, huku kuku wake wakiwa bado uani wanaparura.